Ile Anayoipenda Baba

Mimi ni mtu wa Marangu, mkoani Kilimanjaro. Nina duka la vifaa vya ujenzi Moshi mjini, nimeoa, na nina watoto wawili. Mke wangu ni Mjerumani, mwenyeji wa Leipzig. Ninayosimulia hapa yalitokea tulipokuwa tukimsubiri mtoto wa pili, wakati kifungua mimba wetu, msichana, alikuwa na miaka sita. Niliwahi kuyagusia kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, kwa ufupi na kwa aibu. Baada ya ibada ile wazee wawili walinifuata, kila mmoja kwa wakati wake, wakaniambia kwamba na wao wana jambo kama hilo nyumbani, ingawa wake zao ni Wachagga kama wao. Ndiyo maana safari hii nasema yote.

Nianzie mbali kidogo. Kwetu tulizaliwa watano, na mimi ndiye niliyetoka mweusi kuliko wote. Kaka yangu ninayemfuata ni maji ya kunde. Shangazi zangu wakija nyumbani walimshika kaka mashavu, mimi wakaniita Makaa. Hawakuwa na nia mbaya. Jina lilishika mpaka shuleni, nami nikawa naitika. Mama naye alikuwa na neno lake. Akinikuta nacheza uani saa za mchana ananiambia, "Toka juani, utazidi." Kaka hakuambiwa hivyo.

Nilipofika kidato cha tano nilimwibia dada yangu krimu, mojawapo ya zile zilizopigwa marufuku kwa sababu ya zebaki na haidrokwinoni, nikawa najipaka usiku taa za bweni zikizimwa. Uso ulibabuka, ukatoka madoa. Wenzangu niliwaambia sabuni imenikataa. Madoa yaliisha, hamu haikuisha, lakini hilo sikulijua wakati ule. Niliamini nimekua, nimeyaacha hayo.

Mke wangu alikuja Moshi kufundisha TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo pale hospitali ya KCMC tangu miaka ya 1980. Wanafunzi hutoka nchi nyingi za Afrika, wanajifunza kutengeneza miguu, mikono na vifaa vya kusaidia viungo vilivyopinda. Siku moja aliingia dukani kwangu akitafuta jasi, chuo kilikuwa kimeishiwa. Niliyokuwa nayo ni jasi ya dari, haikumfaa, lakini kesho yake alirudi kununua misumari ambayo sidhani kama aliihitaji. Tulioana.

Katika ukoo aliyesema hapana ni baba mdogo peke yake, na hakusema kwa ajili ya rangi. Alisema Wajerumani walimnyonga mtawala wa Kichagga, Mangi Meli, pale Old Moshi mwaka 1900, kichwa chake inasemekana kilipelekwa Ujerumani, familia yake imehangaika miaka mingi kukitafuta, na mimi katika nchi zote za dunia nimekwenda kuoa huko huko. Mke wangu alikuwa amekaa hapo anasikia. Kwa Kiswahili chake cha wakati ule alimjibu kwamba habari hiyo anaijua, na hana cha kujitetea. Baba mdogo alikaa kimya muda mrefu, kisha akaagiza mbege. Tangu siku hiyo wanaelewana wao wawili kuliko ninavyoelewana naye mimi.

Nampenda mke wangu, na nilimpenda tangu ile misumari. Ila nikisema hilo tu nitakuwa nimedanganya. Pamoja na kumpenda kulikuwa na kitu kingine nilichokificha. Nilipotembea naye mjini nilijiona nimepanda daraja. Makaa ameoa mzungu. Sikuwahi kuyatamka maneno hayo, lakini nilitembea nayo.

Binti yetu akazaliwa. Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, kwa hiyo akapewa jina la mama yangu, na mama akawa anamwita Wajina. Sote tukafuata. Alikuwa na nywele laini na ngozi ya kung'aa, nami nilikesha nikimtazama. Chini ya mgongo alikuwa na doa la bluu. Wakunga hapa hawakushughulika nalo, kwa sababu watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa nalo na hufifia wanapokua. Lakini tulipompeleka Leipzig akiwa bado mchanga, bibi yake wa kule alimfungua nepi akapauka. Alidhani mtoto ameumizwa. Ilibidi mke wangu aeleze pole pole, na daktari wa kule akaliandika doa lile kwenye kitabu cha kliniki ili asije mtu mwingine akaanza kutuuliza nani kampiga mtoto.

Sasa nafika kwenye makosa yangu. Alipoweza kukaa nilianza kwenda naye dukani, namweka juu ya kaunta. Kwa kuwa sisi wenye maduka huitwa Mangi, wateja wakamwita Mzungu wa Mangi. Nilicheka nao. Watu walikuja kumwona, na waliokuja kumwona walinunua. Desemba, ukoo ukipanda Marangu kwa sikukuu, watoto walipopangwa kupigwa picha nilimtanguliza mbele katikati, nikawaambia watoto wa kaka wasogee pembeni. Mama yake alimvalisha kofia ili jua lisimuunguze ngozi. Mimi nilimwambia jambo lingine. Nilimwambia, "Toka juani, utazidi."

Maneno yale yale. Yalitoka kinywani mwangu miaka nenda rudi na sikuyasikia.

Alipoanza shule, watoto walimkimbilia getini wakimwita mzungu, wakimshika nywele. Akawa anamwomba dada wa nyumbani amsuke mistari iliyobana sana, zisionekane. Siku moja aliniuliza, "Baba, mimi ni mzungu?" Nikamjibu, "Ndiyo, mzungu wangu." Akasema, "Mzungu ni mama." Niliipenda hadithi hiyo, nikaipeleka dukani kuchekesha watu. Likizo moja tuliyokwenda Leipzig alikaa na watoto wa jirani wakichora. Mmoja akaomba penseli ya rangi ya ngozi, na wenzake wakampa ya waridi. Wajina alipochukua ya kahawia kupaka uso wake, wakamweleza kwa upole kabisa kwamba amekosea penseli. Hilo nalo nililisikia, nikalipokea kama habari za safari. Moshi ni mzungu, Leipzig ndiye mweusi pekee uwanjani. Sikukaa chini hata mara moja kujiuliza ni hali gani hiyo ya kutokuwa na mwenzako popote unapokwenda.

Tulipomwambia kwamba mama ana mtoto tumboni, alilichukua jambo hilo kama kazi aliyopewa yeye. Alitenga nusu ya kitanda chake. Alimwambia mlinzi, akamwambia dada wa nyumbani, akamwambia mchungaji mlangoni mwa kanisa huku foleni ya watu ikisubiri kumpa mkono. Jioni aliweka mdomo kwenye tumbo la mama yake akazungumza Kiswahili kwanza, halafu Kijerumani, ili mtoto asije akafika akakuta hajui lugha ya mtu. Kila siku aliuliza mambo mawili, bado siku ngapi, na atafanana na nani.

Hilo la pili mimi nililifanya mchezo. Dukani mafundi walikuwa wakibishana, wengine wakiwekeana soda, kwamba safari hii atatoka wa mama au wa baba. Siku moja, duka limejaa, nilisema kwa sauti, "Huyu nataka atoke mweupe zaidi, na macho ya mama yake. Wajina alikula jua kidogo." Watu wakacheka. Wajina alikuwa nyuma ya mifuko ya saruji na daftari lake, akisubiri nifunge twende nyumbani. Sikumwona. Nikiwa mkweli, hata ningemwona ningesema vile vile.

Wiki ile ile mama yake alikwenda naye karakana. Pale wanatumia plastiki nene inayoitwa polipropilini. Huwekwa kwenye oveni mpaka ilainike, kisha hufunikwa juu ya umbo la plasta lililochukuliwa kwenye mguu wa mgonjwa. Kwa kuwa mtu hupenda mguu unaofanana na ule aliobaki nao, plastiki huja katika rangi za ngozi, kuanzia kahawia iliyokolea mpaka rangi ya mchanga. Mabaki hutupwa kwenye boksi, na Wajina alizoea kuyachezea. Siku ile aliyapanga mezani kwa mstari, kutoka jeusi mpaka jeupe, akalaza mkono wake pembeni. Alihangaika nayo muda. Mwishowe akachukua lile jeupe kuliko yote, akampelekea mama yake.

"Mtoto awe hii," alisema. "Hii ndiyo anayoipenda baba."

Mama yake akamuuliza, na wewe je? Akaonyesha kipande cha katikati. "Mimi nilikula jua."

Mke wangu aliniambia usiku, mtoto akiwa amelala. Hakunifokea. Alinisimulia habari ya mtu aliyeitwa Felix von Luschan, aliyefanya kazi kwenye makumbusho ya Berlin wakati nchi yetu ikitawaliwa na Wajerumani. Mtu huyo alikuwa na vigae 36 vya kioo, kutoka cheupe mpaka cheusi, vya kushika kwenye ngozi ya mtu na kuandika namba yake. Huyo huyo ndiye aliyekuwa akikusanya mafuvu yaliyoletwa kutoka makoloni, na baba mdogo angelimjua bila kutajiwa jina. "Leo mwanangu amepanga vipande kwenye meza yangu ya kazi," mke wangu alisema, "na hakujifunzia Berlin."

Ningependa kuandika kwamba nililia. Nilikasirika. Nilimwambia anakuza mambo, huo ni mchezo wa mtoto, na Mjerumani hawezi kunifundisha mimi habari za ubaguzi. Nikachukua shuka nikalala sebuleni, peke yangu na hoja zangu.

Asubuhi nilikuwa nimekwisha kupata mtu wa kumlaumu. Nilifunga duka, nikapitia Himo nikapanda Marangu kwa mama. Nilimkuta akikata majani ya ng'ombe. Sikukaa hata kitini. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama kwenye migomba, mtu mzima mwenye duka na wafanyakazi: Makaa, mashavu ya kaka, toka juani utazidi, na jinsi alivyoniharibu mpaka namharibu mtoto wangu. Nilisema kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu yake yote, kwamba zamani ndivyo watu walivyosema, kwamba alilea watoto watano, kwamba nimekosa adabu.

Mama aliweka panga chini. Akatembea mpaka kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, akavunja jani la isale, akarudi, akanipa kwa mikono miwili.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Mtu akikosa humpelekea jani lake yule aliyemkosea, mara nyingi kwa mkono wa mtu wa tatu, na aliyeletewa isale hakatai kusamehe. Nimeona likimaliza kesi za mipaka na ugomvi wa ndugu wasiozikana. Sijawahi kuona mzazi akimpa mwanawe. Hakuwa na lazima ya kunipa, na kwa jinsi nilivyomwendea sikustahili kupewa. Nilijaribu kumrudishia. Akasema, "Umeshashika."

Kisha akaniambia kitu ambacho katika miaka yangu yote sikuwahi kukifikiria. "Baba yako alikuwa mweusi kukushinda wewe. Waliokuja kuniposa walikuwa watatu. Nilimchagua mimi." Akaokota panga akaendelea na kazi, mimi nikabeba majani.

Wakati nashuka, jani likiwa mbele yangu kwenye dashibodi, hasira ilikuwa imekwisha na hakukuwa na wa kumlaumu tena. Mama aliyasema maneno yale bila kujua yanafanya nini. Mimi nilijua, kwa sababu yalifanyika kwangu, na bado niliyarudia. Nilisimamisha gari kabla ya Himo nikaomba. Sijazoea kuomba nikiwa peke yangu bila kutaja biashara. Niliomba nipewe namna ya kumtazama mtoto wangu bila kumpima.

Nyumbani nilianza na mke wangu, kwa maneno machache, maana yeye hapendi maneno mengi. Kisha nikakaa sakafuni kwa Wajina, nikampa jani kwa mikono miwili, nikamwambia nilichosema dukani kilikuwa kibaya, na naomba anisamehe. Alilitazama, akaniuliza kama mbuzi wanalila. Nikasema sijui. Halafu akauliza, "Kwa hiyo unapenda rangi gani?"

Sikuwa na jibu. Nikisema yako, kesho mdogo wake anakuja na nyingine. Nikisema zote, atajua nimesema kama watu wazima wanavyosema. Nikamwambia, "Nilikuwa napenda moja. Najifunza kuacha." Alifikiri kidogo. "Mwalimu anasema ukijifunza lazima ufanye mazoezi kila siku," akasema, akalitia jani ndani ya daftari lake.

Mazoezi yalikuwa magumu kuliko nilivyodhani. Mteja anayenunua mabati ya nyumba nzima akisema Mzungu wa Mangi, huku hela iko mkononi mwake, koo linabana. Mara ya kwanza nilimeza, na Wajina alikuwepo. Baadaye nikaanza kujibu, "Anaitwa jina lake, ni mwanangu." Fundi bomba mmoja akasema nimeanza kuringa. Nilikwenda shuleni kuzungumza na mwalimu wake wa darasa, na nashukuru alinisikiliza. Habari ya nywele ikapungua, mzungu ikabaki. Nilimwomba na kaka yangu msamaha kwa ajili ya zile picha za Desemba. Alikuwa hazikumbuki. Watoto wake walizikumbuka.

Siku zilipokaribia nilikuwa na ombi moja la ajabu. Watu wetu husema mtoto akizaliwa usitazame uso, kwa kuwa wachanga huzaliwa na rangi hafifu inayokolea baadaye. Tazama ncha za masikio na mizizi ya kucha, hapo ndipo rangi yake ya kweli ilipo. Mimi nilimwomba Mungu kwamba siku hiyo nisitazame masikio. Niliomba kwa bidii.

Alizaliwa mvulana, usiku, salama. Muuguzi akamleta amefungwa kitenge. Nikatazama masikio.

Yalikuwa meusi. Kuna kitu kilishuka kifuani mwangu, kidogo tu, nami nilikitambua, kilikuwa kile kile cha bwenini. Baada ya isale, baada ya maombi, bado kipo. Nikainua macho nikakuta mke wangu ananitazama kutoka kitandani. Alikuwa ameona kila kitu. Akasema, "Umeshatazama? Haya, mshike sasa." Nikamshika. Sina neno la kueleza nilichopewa pale zaidi ya kusema kwamba sikukifanyia kazi.

Wajina alikuja kumwona mdogo wake na vipande vya plastiki mfukoni. Alivijaribu kimoja kimoja mkononi mwa mtoto, na hakuna kilicholingana, kwa sababu siku ile alikuwa mwekundu. Akakubali kusubiri. Wiki zikapita, rangi ikakolea, ikapita kipande cha katikati, ikaendelea. Hapo Wajina akaacha kumshika. Akiletewa, mikono yake ina kazi nyingine. Nusu ya kitanda aliyoitenga akaijaza wanasesere.

Nilijua ni ugonjwa wangu, nimemwambukiza, na sasa unamwangukia mdogo wake asiye na hatia. Nilimkalisha nikaanza hotuba juu ya uzuri wa kila rangi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Nilitaka tuwe wawili."

Nikamuuliza, wawili vipi? Akanieleza taratibu, akiona wazi kwamba sielewi. Baba amefanana na bibi na watu wote wa Marangu. Mama amefanana na bibi wa Leipzig na watu wote wa kule. Yeye hana wa kufanana naye. Mtoto angekuja kama yeye, getini wangeitwa mzungu wote wawili, na Leipzig wangechukua penseli moja. Sasa mtoto ni wa baba, na yeye amebaki vile vile. Akainua mto wake. Chini yake kulikuwa na kipande cha plastiki, kile cha katikati. Alikiweka pale tangu siku ya karakana. Kile cheupe alichompelekea mama yake kilikuwa cha kwangu, alikiomba kwa ajili yangu. Chake mwenyewe alikuwa amekificha.

Kwa hiyo miezi yote ile, alipouliza atafanana na nani, hakuwa akiuliza nilichodhani anauliza. Hata baada ya kutubu niliendelea kuamini kwamba jambo lote linanihusu mimi: dhambi yangu, maneno yangu, mazoezi yangu. Mtoto alikuwa na upweke wake, na mimi nilikuwa bize na toba.

Mama yake alimweleza kwamba rangi ya ngozi haitokani na jeni moja, ni nyingi, na kila mtoto hupata mgawo wake, hata wa baba na mama mmoja. Alieleza vizuri sana. Wajina akajibu kwamba basi mgawo haukuwa sawa. Tukaishia hapo, maana alikuwa amesema kweli.

Mama yangu alikuwa ameshuka kulea mzazi, kama ilivyo desturi, na jiko letu likawa lake. Mtori asubuhi, mtori jioni, maziwa, nyama. Alileta hata mlaso, mke wangu akauonja kwa heshima akashindwa na ile damu, baba mdogo akamsaidia kuumaliza. Mvulana alichukua jina la marehemu baba, kwa hiyo mama alimwita "mume wangu" kutwa nzima. Akimwogesha anamlalamikia, mume wangu ulikwenda wapi siku zote hizi, mbona hukuniaga. Wajina alisimama mlangoni akisikiliza. Siku moja aliuliza, kama yeye ni wajina wa bibi, basi na yeye ni mke wa huyu? Mama akamwambia, "Wewe ni dada yake. Mume ni wangu, usininyang'anye." Wajina alicheka mpaka akakaa chini. Akapewa taulo ashike, na akishapewa kazi haachi.

Ndipo alipoliona doa. Mtoto aligeuzwa kifudifudi, na pale chini ya mgongo, kwenye ngozi nyeusi ya babu yake, bluu ikaonekana hafifu. "Nani kampiga?" aliuliza kwa ukali. Mama yake akaenda kutafuta picha ya Leipzig, Wajina akiwa mchanga juu ya taulo, mgongo wazi. Akaiweka karibu na mgongo wa mdogo wake. Mahali pale pale. Wajina akavua gauni atazamwe. Lake lilikuwa limefutika kabisa, na hilo lilimuudhi, lakini picha ilikuwepo. Akauliza kama mama analo. Mama hana, na hakuwahi kuwa nalo. "Baba yako alikuwa nalo," mama yangu akasema, "na lilikuwa kubwa kuliko la wenzake wote." Hata mimi nilikuwa sijui.

Jioni ile bibi wa Leipzig alipigiwa simu ya video akaonyeshwa mgongo wa mjukuu, na safari hii hakupauka. Mchungaji alionyeshwa Jumapili. Wanasesere waliondolewa kitandani.

Sisemi kwamba mambo yamekwisha. Nikiwa nao mjini watu huniuliza kama huyu wa pili ni wa mke mwingine. Wote wawili wana pasipoti mbili, na kwa sheria ya nchi yetu mtu mzima hana uraia wa nchi mbili, kwa hiyo wakifika miaka 18 kila mmoja atatakiwa kuchagua. Naogopa kwamba kufikia hapo watu watakuwa wamekwisha kuwachagulia, kila mmoja kwa rangi yake, mmoja huku na mmoja kule. Hilo naliombea, na hili la masikio pia bado naliombea.

Siku hizi mdogo anatambaa dukani kati ya mifuko ya saruji, dada yake akimfuata kuhakikisha hali misumari. Juzi mteja aliwatazama, akacheka, "Mangi, huyu ndiye wako. Yule ni wa mama." Nilikuwa nahesabu chenji, na mdomo ukaanza kucheka naye kabla sijajua. Nikaweka hela chini. Nikamtajia majina yao wote wawili, na jina la ukoo wao. Akaomba radhi, akasema hakuwa na nia mbaya, nami namwamini. Akachukua misumari yake akaenda.

"Umechelewa kidogo, baba," Wajina akasema.

Nikamwambia ni kweli.